Gundi ya nyuki ya Rondo inanukia ubani, ya Mtama hainukii: tofauti inatoka wapi?

MrinaWaMtama:

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo nilimpelekea afisa nyuki wetu, akacheka, akaniambia hilo ni la mwalimu wa kemia. Basi nimelileta humu.

Nina mizinga sehemu mbili. Ya kwanza iko Mtama, mkoani Lindi, kwenye shamba aliloacha baba: mikorosho, miembe ile mikubwa ya zamani, minazi michache. Ya pili iko kwa mjomba, mteremko wa Rondo, nje ya mpaka wa hifadhi, ambako bado kuna miyombo, mininga na misandarusi. Nyuki ni hawa hawa wetu wakali. Mizinga imetengenezwa na fundi mmoja, kwa mbao za aina moja.

Gundi inayotoka huko, yaani ile nyuki wanayozibia nyufa za mzinga (propolisi), ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya Mtama ni nyeusi, inanata vidoleni mpaka uitoe kwa mafuta ya taa, na harufu yake ni ndogo, ya ukali kama ganda la embe bichi. Mke wangu akiikwangua anawashwa vidole. Ya Rondo ni ya rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na ukifungua kopo utadhani kuna mtu amefukiza ubani chumbani. Ukiendelea kunusa, kuna utamu fulani nyuma yake, ule wa vanila kwenye keki.

Kuna mnunuzi wa Dar anataka gundi "yenye harufu". Ya Rondo anachukua yote, ya Mtama haitaki. Jirani ananishauri nichemshe zote mbili kwenye sufuria moja, nta ipande juu niiondoe, halafu nitengeneze vidonge vizuri, vyote vinukie.

Kabla sijawasha moto naomba kujua: hii harufu ni kitu gani hasa? Inatoka kwa nyuki au kwa mti? Na ile isiyonukia ndiyo haina dawa?

KoroshoKwanza:

Changanya tu mkuu. Sisi korosho zetu zinachanganywa ghalani na hakuna aliyekufa 😂

MwalimuMstaafuLindi:

Huyo wa korosho msimsikilize. Hata korosho zenyewe zinapangwa madaraja kabla ya mnada, na anajua.

Kijana wa Mtama, usiwashe moto. Nimefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu, na swali lako ni zuri kuliko mengi niliyotungiwa kwenye karatasi za mitihani. Nitajibu kirefu, tafuta chai.

Harufu inatoka kwenye mti. Nyuki hatengenezi gundi kama anavyotengeneza nta. Nta inatoka mwilini mwake, kwenye tezi za chini ya tumbo. Gundi anaiokota. Anakwenda kwenye jeraha la gome au kwenye chipukizi linalotoa utomvu, anaung'ata kwa taya, anaupakia kwenye miguu ya nyuma pale pale anapobebea chavua, na kazi hii huifanya zaidi jua linapokuwa kali kwa sababu utomvu unakuwa laini. Akifika mzingani hawezi kujipakua mwenyewe. Wenzake ndio wanamvuta mzigo, wanauchanganya na nta, wanaziba nyufa. Kwa hesabu inayotajwa sana, karibu nusu ya gundi ni utomvu, kama asilimia 30 ni nta, na mafuta ya harufu huandikwa asilimia 10, ingawa ukikeneka kwa mvuke mara nyingi unayapata machache sana kuliko hapo. Kilichobaki ni chavua na takataka.

Kwa hiyo unachokisikia puani ni sehemu ndogo kabisa ya mzigo wako. Hilo lishike, maana majibu mengine yote yanatoka hapo.

Ushahidi kwamba ni mti: gundi ya Ulaya inatoka hasa kwenye machipukizi ya mti unaoitwa popla. Ina vanilini, alkoholi ya benzili, asidi ya benzoiki na asidi ya sinamiki, ndiyo maana Wazungu wanaisifu kwa harufu ya vanila na mdalasini. Ya kijani ya Brazili inatoka kwenye kichaka cha jamii ya Baccharis, na harufu yake ni nyingine kabisa. Humo nerolidoli ndiyo inayotawala. Nyuki ni jamii ile ile, Apis mellifera. Kilichobadilika ni mimea. Huna haja ya kwenda Brazili, wewe umeliona jambo hilo hilo kati ya Mtama na Rondo.

Sasa majina. Ubani wako wa Rondo, kwa pua yangu bila maabara, ni familia ya terpeni. Mimea huzijenga kwa vipande vya kaboni tano tano. Vipande viwili vinatoa kaboni 10, hizo ni monoterpeni. Vitatu vinatoa 15, seskwiterpeni. Vinne 20, na sita vinatoa 30, triterpeni. Mtu aliyeweka msingi wa elimu hii ni Mjerumani Otto Wallach, akapewa Nobeli ya kemia mwaka 1910.

Kaboni 10 ni nyepesi, zinaruka haraka, ndizo zinazokupiga puani ukifungua kopo. Alfa-pinini iko humo; ni kiungo kikubwa pia katika ubani wenyewe wa Somalia, kwa hiyo mtu akisema gundi inanukia ubani hatoi sifa za ushairi, huenda pua yake imekutana na molekuli ile ile. Limonini ni ya maganda ya chungwa. Linaloli iko kwenye mrehani. Kaboni 15 ni nzito kidogo, zinakaa: beta-kariofilini unaijua kwenye karafuu na pilipili manga, na imeripotiwa kwenye gundi za nchi nyingi. Kaboni 20 na 30 hazinukii kabisa, au tuseme hazifiki puani. Ni nzito, zimelala kwenye utomvu.

Halafu kuna kundi la pili ambalo si terpeni, lile la pete ya benzini. Vanilini ni ya humo. Utamu unaousikia "nyuma" ndio tabia yake: inavukika polepole, lakini pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kidogo mno. Benzaldehidi ni ile ya lozi chungu. Alkoholi ya feniliethili ni ya maji ya waridi. Eujenoli ni karafuu tupu. Gundi moja inaweza kuwa na kadhaa za hizi kwa pamoja, kwa viwango tofauti, na ndiyo sababu watu wawili wakinusa kopo moja wanabishana.

Msandarusi ulioutaja haushangazi. Huo ni mti wa utomvu hasa. Babu zetu wa pwani hii walichimba sandarusi ardhini ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja karne ya 19 ikapanda merikebu hadi Salem kule Marekani kutengenezea vanishi. Na katika vipande vya sandarusi mara nyingi wanaonekana nyuki wadogo wasiouma waliogandia humo. Walifuata utomvu, ukawashika. Biashara ya nyuki na miti hii ni ya kale kuliko Kilwa.

Nakuja kwenye sufuria ya jirani yako. Alfa-pinini inachemka kwenye nyuzi 156 hivi za Selsiasi, limonini kama 176. Jirani atakuambia maji yanaishia 100, basi harufu iko salama. Sivyo. Kitu hakingoji kuchemka ndipo kivukike; maji ya kufulia yanakauka kwenye kamba na hakuna aliyeyachemsha. Tena kuna jambo baya zaidi: mafuta haya hayachanganyiki na maji, na vitu viwili visivyochanganyika vikipashwa moto pamoja, kila kimoja kinatoa mvuke wake na mchanganyiko unachemka chini ya nyuzi 100. Wanaokeneka mafuta ya karafuu Pemba wanaishi kwa kanuni hiyo. Wao wana bomba la kuupoza mvuke na chombo cha kuukinga. Jirani yako ana sufuria wazi. Atatengeneza mafuta mazuri sana ya gundi ya nyuki na kuyagawia majirani wote hewani, wewe ubaki na lami.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ndiyo maana watu wanashawishika kupasha moto. Usishawishike.

BintiMikindani:

Shikamoo mwalimu. Nimependa hapo pa majirani wote hewani 😄

Mimi natengeneza sabuni na mafuta ya mgando, gundi naitumia kidogo. Naongezea upande wa kazi, mwalimu atanisahihisha kwenye kemia.

Kaka wa Mtama, kabla ya kuwaza kuchemsha, igandishe. Weka vipande kwenye friji usiku mmoja. Gundi ikipoa chini ya nyuzi 15 hivi inakuwa kavu ya kuvunjika, unaigonga inapasuka, vijiti na miguu ya nyuki vinajitenga, unachambua kwa mkono. Hainati. Ukiiacha mezani mchana wa Mtwara wa joto inarudi kuwa ulimbo, kwa hiyo chambua haraka haraka.

Ukitaka gundi safi zaidi usikwangue kuta za mzinga, weka wavu wa plastiki wa matundu madogo chini ya kifuniko. Nyuki hawapendi matundu, watayaziba. Unatoa wavu, unauweka kwenye friji, unaukunja, gundi inadondoka. Lakini SIO chandarua. Nimeona mtu amekata chandarua cha kugawiwa akakiweka mzingani. Kile kina dawa ya kuua wadudu jamani, na nyuki ni mdudu.

Kuhusu moshi pia. Angalia unafukiza na nini. Mie gundi niliyowahi kuletewa na mrina mmoja ilinuka makumbi ya nazi yaliyoungua, hakuna kingine kilichosikika.

MwalimuMstaafuLindi:

Marahaba binti. Hakuna cha kusahihisha.

La moshi ni kweli kabisa. Makumbi na kuni vikiungua, lignini, ile inayoupa mti ugumu, inavunjika inatoa guayakoli na ndugu zake, ndiyo harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Nta inazinyonya harufu hizo na haiziachii kirahisi. Kwangua gundi siku ambayo hufukizi sana, au tumia ule wavu.

Sijamaliza swali la kijana. Aliuliza kama isiyonukia haina dawa, na mkewe kuwashwa vidole. Hayo mawili nayajibu pamoja, na hapa ndipo mnunuzi wako wa Dar anapokosea, samahani kwake.

Vitu ambavyo watafiti wanavihusisha na nguvu ya gundi dhidi ya vijidudu kwa sehemu kubwa ni vizito. Kwenye popla ya Ulaya ni flavonoidi: pinosembrini, krisini, galangini. Hazinukii. Kwenye gundi nyingi za Afrika zimekutwa triterpeni kama lupeoli na amirini, kaboni 30 zile nilizosema zimelala. Hazinukii nazo. Harufu ina mchango wake, baadhi ya mafuta yale yanazuia bakteria maabarani, lakini kupima dawa ya gundi kwa kunusa ni kupima mpunga kwa maganda.

Sasa ya Mtama. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Ganda la korosho lina asidi ya anakadiki, kadoli na kadanoli. Mama zetu wanaobangua korosho wanazijua bila kuziita majina. Ndizo zinazobabua mikono mpaka wajipake majivu au mafuta. Utomvu wa mwembe una jamaa zake, ndiyo maana kuna watu wakila embe midomo inawatoka vipele. Huko Indonesia na Thailand, ambako kuna miembe mingi, gundi ya nyuki imechunguzwa ikakutwa na jamii hii hii ya kemikali. Hebu tazama gundi yako: nyeusi, inanata isivyo kawaida, harufu ndogo, inawasha. Molekuli hizi zina mkia mrefu wa kaboni 15, kama mafuta ya kupikia. Mkia unazifanya ziwe za kunata na nzito, haziruki puani. Kichwa chake ni cha fenoli, na hicho ndicho kinachogombana na ngozi ya mkeo.

Kwa hiyo gundi ya Mtama si tupu. Inaweza kuwa na nguvu nyingi kuliko ya Rondo. Ila si ya kumpaka mtu bila kuipima, na mwambie mkeo avae glavu.

Ukichanganya mbili hizi, unachukua inayonukia vizuri unaitia kinachowasha. Mnunuzi atafurahi siku ya kwanza.

FundiMizingaNewala:

Mwalimu shikamoo. Nimesoma kote. Swali dogo: mnatumia nini kuiyeyusha mkitaka dawa ya maji? Huku kwetu kuna mzee anaitia kwenye nipa, ile gongo ya mabibo, anasema maji hayafanyi kitu.

BintiMikindani:

Maji kweli hayafanyi kitu kikubwa, utomvu hauyeyuki humo. Inatakiwa ethanoli ya kama asilimia 70, ile ya kunyweka yenye cheti, sio spiriti ya kuwashia jiko. Unaloweka gundi iliyosagwa kwenye chupa nyeusi iliyofungwa, unatikisa kila siku wiki mbili hivi, unachuja. Hakuna moto. Harufu yote inabaki humo.

Nipa naijua, nimekulia huku 🙈 lakini hujui nguvu yake kwa kipimo, na mabibo ni tunda.

MwalimuMstaafuLindi:

Marahaba fundi. Binti amejibu, namalizia pale alipoishia. Tunda lina pektini, na pektini ikichachuka inaachia methanoli. Mpika nipa wa kienyeji hana njia ya kujua ni kiasi gani kimeingia chupani. Methanoli inapofusha. Tena kuipika bila leseni ni kosa, kwa hiyo dawa yako itakuwa imeanza na makosa mawili kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwambie mzee wa Newala uraka, ile pombe ya mabibo isiyokenekwa, anywe, gundi asiiharibu.

Na kwa wote: gundi si ya watoto wachanga, na mwenye mzio wa nyuki au wa chavua aanze na tone dogo mkononi, asubiri siku nzima.

MrinaWaMtama:

Shikamoo mwalimu, ahsante sana. Ahsante dada. Sufuria nimeirudisha jikoni, mke wangu amefurahi zaidi kuliko mimi.

Nina la mwisho. Mwezi wa saba na wa nane Mtama nzima inapuliziwa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho. Asubuhi unaamka shamba lote ni njano. Gundi ninayokwangua baada ya hapo naisikia kama kibiriti. Ni pua yangu au kweli inaingia?

Na ile ya Rondo niihifadhi vipi? Ya mwaka jana iliyobaki kwenye ndoo imepoteza ule ubani, utamu wa vanila ndio umebaki.

MwalimuMstaafuLindi:

Marahaba. Pua yako nzima. Gundi inanata, vumbi la salfa linatua kwenye gome, kwenye utomvu, kwenye mlango wa mzinga, kwenye miguu ya nyuki. Linagandia humo na halivukiki kirahisi kwa joto la mzingani. Kwa shamba la mikorosho weka wavu baada ya mvua za kwanza kuosha miti, uutoe kabla mashine za kupulizia salfa hazijaanza kunguruma. Gundi ya msimu wa salfa iachie nyuki wenyewe, wanaihitaji kuliko wewe.

Ya mwaka jana imefanya kile kile nilichoandika kuhusu kaboni 10. Pinini zimeruka kwanza, vanilini imebaki nyuma kwa sababu ni nzito wa kuvukika. Ndoo ina hewa nyingi juu ya mzigo, na kila ukiifunua unaitoa ile iliyojaa harufu unaingiza nyingine. Mbali na kuruka, harufu inabadilika pia ikikutana na oksijeni: kariofilini inageuka oksidi yake, limonini inatoa vitu vingine ambavyo ngozi za watu huvichukia. Tumia chupa za kioo, ndogo, uzijaze mpaka shingoni, uzifunge, uziweke gizani penye ubaridi. Plastiki laini inanyonya mafuta haya, utakuta kopo linanukia kuliko gundi. Andika kwenye kila chupa mahali, mwezi, na miti iliyoko karibu. Mnunuzi makini atakulipa kwa karatasi hiyo kama anavyolipa kwa harufu.

Na mizinga ya Rondo kwangua mara nyingi, kidogo kidogo. Katikati ya mzinga pana nyuzi kama 35 usiku na mchana. Gundi iliyokaa humo miaka imeshapikwa taratibu hata bila jirani yako.

BintiMikindani:

Kaka, ile ya Mtama usiitupe. Nichukulie robo kilo, nitaivalia glavu. Nataka kuijaribu kwenye vanishi ya vinyago, kuna mchongaji hapa anatafuta kitu cheusi kinachoshika mpingo.

MrinaWaMtama:

Sawa dada, ipo. Nakuja Mtwara wiki ijayo kufuata mbao, nitapitia Mikindani. Naileta kwenye chupa.

KoroshoKwanza:

Haya, nimeshindwa. Mwalimu, na asali ikinukia salfa je?